Nywele za Tumboni

Mahali pale hapakupambazuka wala hapakuchwa. Palikuwa na nuru moja tu, ya rangi ya maji yaliyooshewa mchele, nayo haikupanda wala haikushuka. Iliwakalia watu wale vichwani kama neno ambalo msemaji wake amelianza, kisha akasahau alitaka kusema nini. Chini ya nuru hiyo ilitandazwa mikeka, na juu ya mikeka walikaa wale ambao hawajazaliwa. Walikaa. Hiyo ndiyo kazi waliyopewa, na wengi wao waliifanya kwa bidii kuliko walio duniani wanavyozifanya za kwao.

Waliozaliwa hupenda kuuliza: tukifa, twaenda wapi? Hilo ni swali la mwoga, kwa maana laelekea mbele, na huko mbele hakuna aliyefika akarudi kushtakiwa kwa uongo. Swali la mtu mzima ni lile jingine: tulikuwa wapi, ni nani aliyetutuma, naye alitaka nini kwetu? Mtu akikutuma sokoni hukwambia cha kuleta. Akutumaye duniani hakwambii kitu, nawe ukirudi mikono mitupu hukuhukumu. Swali hilo lilikuwa limemkaa Rejea kooni kama mwiba wa samaki: si la kummaliza, si la kumezeka.

Rejea hakuwa mwanamume wala mwanamke, maana hayo hugawiwa njiani. Hata jina lenyewe halikuwa jina; lilikuwa namna ya kumpambanua na wenzake, kwa sababu yeye alikwisha kwenda duniani akarudi, akaenda tena, akarudi tena. Wenzake walimtazama kwa jicho la pembeni, kama watu wanavyomtazama aliyetoka kifungoni: wanatamani habari zake, lakini hawataki kukaa naye mkeka mmoja.

Aliyekubali kukaa naye alikuwa Mashaka, nafsi yenye ulimi mkali, iliyoitwa hivyo kwa sababu haikuwahi kuambiwa jambo ikalipokea bila kuligeuza upande wa pili kuangalia kama lina tundu.

Walikuwa wamekaa hivyo wakati Kungwi alipokuwa akifunda. Huyu Kungwi alikuwa bibi mrefu, mkavu, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Naye aliwafunda wanaosubiri kuzaliwa kama makungwi wa duniani wanavyowafunda wari ndani. Somo lilikuwa la kulia.

"Lieni!" akaamuru.

Wakalia.

"Huo si mlio, huo ni mwayo. Mtoto akitoka akapiga mwayo watamfunika shuka, waende kuchimba. Tena!"

"Bibi," akasema Mashaka, "kwani mtu akitoka akicheka itakuwaje?"

"Watamdhania mchawi."

"Na akitoka kimya?"

"Watampiga kofi la matako mpaka aseme."

"Kumbe dunia inaanza kwa kofi!"

"Inaanza kwa kofi, mwanangu. Baadaye unazoea, ukikaa bila kupigwa unaanza kuuliza umekosa nini."

Wakacheka, na kicheko chao kilikuwa kizuri, maana kicheko cha asiyezaliwa hakina mtu kinayemcheka. Rejea peke yake hakucheka. Alikuwa amekwisha lipokea kofi lile, akalisamehe, akaanza kuizoea dunia, kisha akavutwa.

Na sasa ni lazima kusema juu ya kuvutwa.

Mwisho wa mikeka palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikaa Mkaaji. Yeye hakuzaliwa kamwe, naye ndiye aliyewatawala watakaozaliwa. Ilisemekana kwamba alikuwa wa kwanza kuitwa. Akasogea hadi kizingitini, akasikia sauti ya mwanamke akigumia upande wa pili, akaogopa. Akageuka, akawaambia waliokuwa nyuma yake: tangulieni. Wakatangulia. Tangu hapo hofu yake ikaitwa busara, na kukaa kwake kukaitwa utawala. Ndivyo zinavyoanza enzi nyingi, wala si kule tu.

Lakini asiyezaliwa hutamani dunia kama mgonjwa anavyotamani chakula alichokatazwa. Mkaaji aliitaka dunia bila uchungu wa kuipata. Akajifanyia njia. Nywele za tumboni, zile mtoto azaliwazo nazo, zina ncha mbili: moja imeota utosini pa mtoto, ya pili imebaki mkononi mwa Mkaaji. Kwa nywele hizo mtoto mchanga hukumbuka alikotoka. Ndiyo maana hulia bila sababu inayoonekana. Sababu anayo, ulimi ndio hana. Wembe ukipita, ncha hukatika, mtoto husahau, akawa mtu kama watu. Lakini kabla wembe haujapita, Mkaaji akitaka habari, huvuta. Duniani husema: homa. Husema: degedege. Husema: kazi ya Mungu haina makosa. Na kule mikekani hutokea mtu akihema, nywele zingali kichwani, na maziwa hayajamkauka midomoni.

Hapo huketishwa mbele ya kigoda, akahojiwa. Akisha kusema yote, nywele zake hunyofolewa, zikashindiliwa ndani ya mto mkubwa ambao Mkaaji huuegemea kwa kiwiko. Mto huo ulikuwa laini kuliko pamba. Kila alipoulalia aliota dunia: jua la mtu mwingine, kifua cha mama wa mtu mwingine. Akiamka hupangusa midomo yake.

Hakuwavuta wote. Aliwavuta waliojua kusimulia. Na Rejea, kwa bahati mbaya yake na ya mwanamke mmoja duniani, alijua.

Mara ya kwanza alizaliwa mwana wa kiume wa mwanamke aitwaye Siwatu, akapewa jina la babu yake aliye hai, Shomari. Mara ya pili alizaliwa binti wa Siwatu huyo huyo, akaitwa Subira. Mara zote mbili alivutwa wakati wembe umekwisha nolewa, umewekwa juu ya kizibo cha mtungi ukingoja siku ya saba. Na mara zote mbili alipohojiwa alieleza juu ya wimbo ambao Siwatu alimwimbia mtoto akimlaza:

Lala, kitu changu, lala,
kesho tutapika.
Tutapika nini?
Tutapika mwezi
kwa chungu cha jana.

"Kisha?" Mkaaji aliuliza kila mara, akiinua kichwa kutoka kwenye mto wake.

"Kisha sijui, Bwana. Ulinivuta."

Basi Kungwi alipokuwa bado anafunda, ikaja sauti kutoka kigodani: "Aje yule aliyerudi." Rejea akainuka, akaenda, akapiga magoti.

"Mwanangu," akasema Mkaaji kwa upole, maana alikuwa mpole. Wakatili wa kweli hawana haja ya kupaza sauti. "Utakwenda tena kwa yule mwenye wimbo. Hukuumaliza."

"Bwana, yule mama amekwisha zika."

"Kuzika wanajua. Wanazo nyimbo zake, wana pilau lake. Usiwahurumie kwa jambo walilolizoea."

"Wakwe zake wamechoka naye. Akizika tena watamrudisha kwao."

"Akirudi kwao ataimba huko."

Rejea akainamisha kichwa. Kisha neno likamtoka, nalo lilikuwa limekaa ndani siku nyingi likiota meno. "Na kwa nini usiende mwenyewe, Bwana, ukausikie?"

Mkaaji hakukasirika. Alimtazama kama mwalimu amtazamavyo mtoto aliyekosea hesabu rahisi.

"Mimi nikienda," akasema, "nani atakaa?"

Na mikeka yote ikaitikia, wadogo kwa wakubwa, kwa sauti moja iliyozoea: "Nani atakaa!"

Rejea aliporudi mahali pake, kilichomtisha si Mkaaji, bali sauti yake mwenyewe, aliyoisikia imo katika itikio lile.

Kungwi alimwandaa pasipo maneno. Alimpaka mafuta utosini, akapanda nywele moja moja kama mtu apandaye mpunga. Alipokaribia kumaliza akainama, akasema chini chini: "Mimi hupanda, sivuti. Sina la kukusaidia ila neno hili. Mkono wake hufika hadi kwenye wembe, haupiti. Ukinyolewa, utaishi."

"Na nitakumbuka?"

Kungwi akaendelea kupanda.

"Bibi, nauliza, nitakumbuka?"

"Nimekwambia utaishi. Mtu haombi mvua na jua katika sala moja."

Mashaka alikuwa amesikia. Alisogea karibu, na safari hii ulimi wake haukuwa na makali. "Baada yako ni zamu yangu," akasema. "Nimeambiwa nitapelekwa kijiji kile kile, na Mkaaji anasema ninajua kuongea. Unajua maana yake."

"Najua."

"Basi ukifika waambie. Wasingoje siku ya saba. Watunyoe siku ile ile tunapotoka, damu haijakauka."

"Nitawaambia."

"Kwa mdomo gani, na meno huna?"

"Nitalia."

"Wote wanalia, Rejea! Utalia vipi hata wajue kwamba kilio chako kina maneno?"

Rejea akafikiri. "Nitazishika nywele. Nitazishika kwa mikono miwili, nizivute mpaka wajiulize ni kitu gani. Hawa si wajinga. Watajiuliza."

"Niapie."

Akaapa. Akashika mkono wa Mashaka, akaukunja ngumi, naye akaukunja wake. Na hivyo, ngumi zimefungwa, Rejea akavuka kizingiti. Ndiyo maana binadamu huzaliwa amekunja ngumi. Kuna ahadi humo. Mama huikunjua kidole kwa kidole, akikuta utando mweupe huufuta.

Tumboni mwa Siwatu palikuwa na giza la joto, na sauti zilifika kama za watu wanaozungumza ndani ya mtungi. Rejea alisikiliza. Aliisikia sauti ya Mzee Shomari, baba wa mume, mtu mzito wa kauli, ambaye jina lake lilipewa yule mtoto wa kwanza.

"Jina langu limezikwa ningali nala ugali," alisema mzee. "Watu wananiamkia wakinitazama kama maiti. Nimevumilia mara ya pili. Akizika tena, na arudi kwao. Sitaki kaburi lenye mlango ndani ya nyumba yangu."

"Baba, ni mapenzi ya Mungu," akajibu mwana wake, mume wa Siwatu, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Na haya ni mapenzi yangu."

Mwenye kutaka kuujua mkono wa Mkaaji unavyofika mbali, asikilize mazungumzo ya namna hiyo.

Rejea alianza kazi mapema. Yajulikana kwamba kila anachokitamani mjamzito ni neno la aliye tumboni. Huyu ameomba udongo wa kichuguu, yule embe bichi. Rejea aliomba wembe. Aliomba kwa nguvu zote, mchana kutwa, na Siwatu akaanza kutamani ladha ya chuma. Wanawake wenzake walimkuta jikoni akilamba kisu.

"Jamani, tazameni! Mwenzenu analamba kisu kama kijiko cha asali!"

"Huyo atakuwa chinja-chinja wa machinjioni."

"Au fundi cherehani, msimtabirie mabaya."

Siwatu alicheka pamoja nao, akaona haya, akakificha kisu. Hakuna aliyejiuliza. Rejea alijifariji: nikifika nje itakuwa nyepesi.

Akafika nje. Akapigwa kofi, akalia, na katika kilio kile alisema maneno yote waziwazi, na wote wakafurahi kwamba ana mapafu mazuri. Alikuwa wa kiume.

Sasa, watu wale walikuwa na desturi. Mwanamke anayezika watoto, akipata mwingine, humtoa kabla hajampa jina, akamlaza ndani ya ungo chakavu, akamweka juu ya jaa pamoja na maganda ya mihogo na majivu. Jirani hupita kana kwamba hajui, akamwokota. Mauti, wanasema, humtafuta mwana wa fulani. Akija akaambiwa hapa hakuna mwana, pana takataka iliyookotwa, ataona haya, ataondoka. Jirani aliyeitwa kuokota alikuwa Bi Mwantumu, mjane wa nyumba ya pili, mwanamke mnene, asiyejua kunong'ona.

"Nimeokota kitu!" alipiga kelele kutoka jaani, ungo mikononi. "Enyi wa nyumba hii! Ni cha nani hiki?"

Na Siwatu, mama yake, amesimama mlangoni ameshikilia mwimo kwa kukosa nguvu, akajibu kama desturi inavyotaka: "Si changu. Ni takataka."

"Hutasema baadaye kwamba ni chako?"

"Sitasema. Si changu. Kitupeni."

"Basi ni changu mimi, na watu hawa wote wameshuhudia. Nakupa uninyonyeshee tu, maana mimi maziwa yangu yalikwisha kauka."

Hivyo akaitwa Mtupeni. Rejea alielewa kwamba ni ujanja. Alijua kila herufi ya ujanja ule. Aliujua kuliko wao, maana alimjua yule aliyekuwa anadanganywa, na alijua kwamba hatafuti kwa jina bali kwa nywele. Hata hivyo, mama anapotamka mbele ya watu kwamba wewe si wake, hata kwa mchezo, hata kwa kukuokoa, kuna mahali ndani ya mtu panapoliamini. Panaliamini daima. Wako wazee wenye mvi wanaotembea na sentensi ile vifuani mwao, hawajui ni nani aliyeisema.

Lakini jaa halikuwa jambo baya kuliko yote. Jambo baya lilikuja Siwatu alipombeba ndani, akamweka kifuani, akapitisha vidole katika nywele zake nyeusi, nyingi.

"Wa kwanza nilimwandalia wembe, akafa," akasema. Alikuwa akisema na nafsi yake. "Wa pili nilimwandalia wembe, akafa. Wembe ndio unaowaita. Nakuwekea nadhiri, kitu changu: chuma hakitagusa kichwa chako mpaka utembee kwa miguu yako hadi mlango huu."

Rejea akalia kilio ambacho Kungwi asingekiita mwayo.

Fikirini jambo hili, ninyi mnaosifu mapenzi ya mama kana kwamba mapenzi peke yake ni macho. Siwatu hakuwa mpumbavu. Aliona mambo mawili yakifuatana, wembe kisha kifo, wembe kisha kifo, akayafunga pamoja kama mtu yeyote mwenye akili angeyafunga. Ila aliyafunga kinyume. Mlango pekee wa kutokea aliupigilia misumari kwa mikono ile ile iliyombembeleza mtoto, akimwimbia. Na mtoto alijua, asiweze kusema. Kuna uchungu gani unaozidi huo? Kuona unaokolewa kuelekea shimoni, na mwokozi ananukia maziwa.

Akaitimiza ahadi yake. Alizishika nywele kwa mikono miwili akazivuta, akalia, akamtazama kila aliyeinama juu yake: bibi, shangazi, wapita njia waliokuja kutoa hongera. Tazameni. Ni hizi. Zikateni. Na kwa wale watakaokuja baada yangu zikateni mapema, yupo mwenzangu anakuja kijiji hiki hiki, jina lake Mashaka, nimemwapia. Tazameni basi! Kwa nini mnanitekenya? Mimi nasema nanyi!

"Maskini, anajinyofoa," akasema shangazi. "Ataota vidonda."

"Mfungeni mikono."

Wakachana kipande cha kanga kuukuu, wakamfunga viganja taratibu, wasimwumize, wakavizungushia vizuri kama mtu afungaye mayai kwa safari. Na hivyo ndivyo ahadi ile ilivyofungwa.

Siku ya saba ilipofika, mkono wa Mkaaji ukavuta.

Ilikuwa asubuhi. Joto lilianzia utosini, likashuka. Macho ya mtoto yakapanda juu, na Rejea akaiona nuru ile ya maji ya mchele ikija kumfunika. Kwa mbali alisikia sauti ya upole ikisema: karibu, pole kwa safari, kisha? Barazani Mzee Shomari alikuwa ameketi, fimbo katikati ya miguu, ametuma mtu akamwambie mwanawe aanze kufunga virago vya mkewe. Ndani Siwatu alipiga yowe, na yowe hilo likamleta Bi Mwantumu, wembe mkononi.

"Nipishe," akasema.

"Dada, unafanya nini?"

"Leo ni siku ya saba. Kwetu mtoto hunyolewa siku ya saba."

"Nimeweka nadhiri! Chuma hakitamgusa!"

"Nadhiri ya mtoto wa nani? Wako umemzika, Mungu akupe subira. Huyu wangu nilimwokota jaani."

"Ulikuwa ujanja tu, dada yangu, unajua ulikuwa ujanja!"

"Nyamaza!" Bi Mwantumu alimkemea kwa sauti ya chini, na wote walishtuka, maana hawakuijua sauti hiyo kwake. "Mauti yumo humu ndani, anasikiliza, nawe unamwambia ulikuwa ujanja? Ukishamdanganya mtu mkubwa kama huyo, hurudi nyuma kumfumbulia. Mlisema si wenu mbele ya watu. Basi si wenu. Nadhiri yako haina mguu wa kusimamia. Mimi ndiye mama yake, na kwetu siku ya saba hunyoa, homa ipo, homa haipo."

Siwatu akaanguka magoti kona ya chumba. Desturi ilikuwa yake mwenyewe, naye alikuwa ameitamka kwa kinywa chake. Akafunika uso, na kwa kukosa kilio kingine akaanza kuimba.

Lala, kitu changu, lala.

Wembe ukagusa utosi.

Kesho tutapika.

Nywele za kwanza zikaanguka, na pamoja nazo ukaanguka mkeka. Palikuwa na mkeka. Wa nini?

Tutapika nini?

Bibi mrefu, mikono mikavu, alisema neno juu ya mvua na jua. Neno gani? Lilikuwa neno zuri.

Tutapika mwezi.

Mto. Usisahau mto. Mto wa nini, wa nani, uliojazwa nini? Mwambie mtu. Mwambie huyu mama mnene, yuko karibu, pumzi yake inakugusa. Mto umejazwa...

Kwa chungu cha jana.

Mashaka. Ma. Nimeapa. Nimeapa nini? Ngumi. Kwa nini mikono yangu imefungwa? Nani anayekuja baada yangu? Usiache. Yupo mtu anakuja kijiji hiki, lazima waambiwe, lazima...

Na Siwatu, ambaye wimbo wake haukuwahi kufika mwisho mbele ya mtoto aliye hai, akaufikisha:

Tutaula na nani?
Na atakayekuwapo.

Rejea alisikia mwisho ule. Kwa mpigo mmoja wa wembe alijua kwamba hilo ndilo lililotafutwa, ndilo ambalo kwa ajili yake alizikwa, akazikwa. Na katika mpigo uliofuata hakujua tena lilitafutwa na nani. Hii ndiyo siri ya enzi ya yule akaaye, na msomaji anaruhusiwa kuuchukia ulimwengu kidogo kwa ajili yake: anayemjua hawezi kusema, na anayeweza kusema hamjui. Wembe unaompa mtoto uhai ndio unaompa Mkaaji usalama. Kila aliyeponyoka ni shahidi aliyekatwa kumbukumbu, naye hukua, akajenga nyumba, akapata kigoda.

Nywele za mwisho zikaanguka kwenye kanga. Homa ikashuka. Mtoto akanyamaza.

"Haya," akasema Bi Mwantumu, akifuta wembe, na machozi yakimtiririka bila aibu. "Mfungueni mikono. Hana tena cha kujinyofoa."

Wakamfungua. Viganja vilikuwa wazi, havikukunja kitu. Siwatu akamchukua, akamnusa kichwa kitupu, akacheka na kulia pamoja, na nyumba nzima ikapumua. Virago havikufungwa. Nje mtu alipita akieleza kwamba mke wa mnyoaji wa kule bondeni naye ni mjamzito, amefika miezi ya mwisho, na siku hizi anatamani chuma. Wanawake wakacheka sana, wakasema kijiji hiki kitajaa wachinjaji. Mtoto alilisikia, likampita kama linavyopita neno la lugha ya wengine.

Ndipo Mzee Shomari alipoingia. Alikuwa hajaingia chumba kile tangu mtoto azaliwe. Aliyekuwa ameketi akainuka, mume wa Siwatu akaleta kigoda, shangazi akaleta mto, akauweka mahali mzee atakapoegemeza kiwiko. Mzee akaketi. Akamtazama mtoto muda mrefu, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mwenzake.

"Ataishi?" akauliza.

"Ataishi, baba."

"Basi na akae."

Wote wakaitikia: "Na akae."

Mtoto akageuza macho. Aliuona mto ule, uso wake laini, kiwiko kilivyozama ndani yake, na jambo fulani likapita juu ya uso wake mdogo kama kivuli cha ndege kipitacho juu ya maji, likapotea. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akatabasamu.

"Tazameni!" wakanong'ona wanawake. "Anacheka na malaika."